Mkono Uliokuwa Ukimlisha Mwatumu

Tangu kiharusi kimpate mkono wa kulia, Mwatumu hakula tena na watu. Sinia likitengwa nyumbani kwao Chumbageni, yeye alijitia ana shughuli jikoni, akajifungia huko na kula kwa kushoto, machozi yakimdondokea kwenye wali. Mtu mzima, mwenye wajukuu, kulishwa na mkono wa kuchambia! Aibu ilimla.

Lakini aibu ilikuwa nafuu. Siku ya kwenda hospitali, hofu ndiyo iliyomtoa jasho. Daktari alikuwa amemwagiza mumewe, Idarusi, ampeleke kwa mtu aitwaye Kristina, chumba cha nyuma ya hospitali, mkono ukashughulikiwe. Jirani yao Saleha aliposikia, akamaliza mambo: shemeji yake alishughulikiwa mguu hivyo hivyo, akarudi na mguu mmoja na gongo la kutembelea. Idarusi alimwambia mkewe aachane na maneno ya uani. Rahisi kusema, mkono si wake.

Mlangoni mwa chumba kile alisimama, akachungulia. Ndani, chini ya picha ya Malkia mpya wa Waingereza, mzee mmoja alisuka kikapu, mwanamke alikanda unga, na kijana alifunga vifungo vya shati, akavifungua, akavifunga tena. Mwatumu aliamini hao wanangoja zamu zao za kukatwa, wanapotezewa mawazo tu.

Kristina alikuwa Mbondei wa makamo. Alimpa shikamoo, akamkalisha, akaulaza ule mkono mezani. Kisha akachomoa kisu.

Mwatumu alifumba macho. "Bismillahi," alinong'ona. Alisikia kisu kikikata. Maumivu hakuyasikia, na hapo ndipo alipoogopa kweli, maana mkono uliokufa ganzi ungejuaje?

Alipothubutu kutazama, vidole vyote vilikuwepo. Kristina alikuwa akikata kitambaa na kukizungusha kwenye mpini wa kijiko, mpaka ukanenepa.

"Bibi, mkono huu ulikuwa ukikufanyia nini?"

Matabibu wote waliotangulia walimuuliza unauma wapi. Mwatumu alilia. "Ulikuwa ukinilisha."

"Basi tuanzie hapo," Kristina akasema. Akamweleza kwamba yeye hakati mtu wala hatoi dawa. Kazi yake ni kumrudisha mgonjwa kwenye shughuli zake, moja moja, na unga, vikapu na vifungo ndiyo mazoezi yenyewe.

Mwatumu alikanda unga mle chumbani tangu Mfungo Sita mpaka Rajabu, yapata miezi minne. Siku nyingine kidole hakikusogea kabisa, akarudi nyumbani amekata tamaa.

Hatimaye, mchana mmoja, alitoka jikoni akaketi kwenye sinia, kijiko kinene mkononi. Akachota wali. Mbele ya watu wake aliogopa kuliko alivyokiogopa kile kisu. Akafumba macho vilevile.

"Bismillahi."

Nusu ya wali ilimwagika mkekani. Nusu ilifika. Idarusi aliinamisha kichwa, akawa anaokota punje zilizoanguka, moja moja, ili mkewe asiyaone macho yake.