Glavu za Wageni

Saa mbili asubuhi Mama Rula alipanga trei mbili za miche ya maharage kwenye meza ya maabara. Ya kushoto ilipewa homoni iliyozimuliwa sana. Mizizi yake ilikimbia. Ya kulia ilipewa homoni kali; miche yake ilidumaa, ikajikunja kama iliyokemewa. Ili asichanganye dawa, kwa miaka saba alikuwa akichovya miche ya kushoto kwa mkono wa kushoto, na ya kulia kwa mkono wa kulia. Mikono mitupu. Glavu zilikuwepo, boksi zima, ndani ya kabati lenye kufuli. Zilikuwa za wageni.

Jumatatu hiyo alipima miche, kisha akajipima. Mkono wa kushoto ulikuwa umeongezeka sentimita nne tangu Ijumaa. Wa kulia ulikuwa umepungua tatu. Akaandika daftarini, kwa kuwa vipimo ni vipimo.

Nyumbani, mumewe, fundi cherehani, alishusha pindo la mkono mmoja wa gauni na kukata mwingine. "Mke wangu, siku hizi wewe ni wateja wawili," alisema. Kisha akamshikia kikombe, maana mkono wa kulia wa mkewe ulishindwa kukishika.

Kesho yake Mama Rula aliingia kwa mkuu wa maabara. "Daktari, naomba glavu kabla vidole havijaisha."

Mkuu hakushtuka. Alichukua rula, akapima mwenyewe. "Safi sana. Inalingana kabisa na maharage. Usiache kuchovya, utaharibu jaribio."

"Jaribio lenyewe ni mkono wangu, daktari."

"Ndiyo maana nakwambia usiliharibu."

Siku ya wageni kabati lilifunguliwa. Wageni wakavaa glavu, wakatazama miche kwa mbali, mikono mgongoni. Hawakugusa kitu. Mama Rula akachukua jozi moja bila kuomba, akaivuta kwa meno. Ya kushoto iliishia katikati ya kiganja. Ya kulia ilining'inia kama soksi ya baba kwenye mguu wa mtoto.

"Umeona?" mkuu alisema, akizirudisha kwenye boksi. "Tungekupa, lakini hazikutoshi."

Mgeni mmoja aliushika ule mkono mrefu, akausifu kwa kukua vizuri. Mkono wa pili hakuuulizia.

Kufuli likafungwa. Mama Rula akarudi mezani akachovya: miche ya kushoto kwa mkono wa kushoto, ya kulia kwa kilichobaki.