Sauti ya Mama Mlangoni

Siku ile nilirudi nyumbani moyo umechafuka. Mimi ni fundi cherehani, na starehe yangu ni ndege: Jumapili wenzangu wakienda mpirani, mimi nachukua darubini naingia msituni. Sasa kijiji chenye msitu kilikuwa kimeweka kiingilio, na juu ya kiingilio masharti: mgeni aongozane na mwenyeji, tena asiwashe simu yenye sauti za ndege kuwaita watoke. Nami ndege nawaita hivyo hivyo, maana wanadhani ni mwenzao, wanatoka mbio. Nilibishana getini na Bi Hadija Shemweta, mlinzi wa zamu, nikamwambia msitu ni wa Mungu, hauna tiketi. Akanijibu kwa upole, "Sawa, baba, ni wa Mungu. Leo rudi, ukitulia uje." Njiani rafiki yangu Kiondo akanitia maneno: kesho tupite kwa nyuma, kwenye mashamba ya iliki, tukamwite yule ndege mwekundu anayelea makinda karibu na chemchemi. Nikakubali. Nilipofika nyumbani nikajilaza mkekani jua halijazama, nikinung'unika peke yangu, na usingizi ukanichukua katikati ya manung'uniko.

Nikajiona natembea katika nchi ya miti mirefu, ukungu umelala chini kama maziwa yaliyomwagika, na njiani nikakutana na mabwana wawili. Mmoja aliitwa Pupa, mifuko imemjaa matunda mabichi aliyoyauma mara moja na kuyaacha. Wa pili, mwenye koti zuri, aliitwa Haki-Yangu, na kila mlango alioukuta aliusukuma kwa bega. Walinipokea kama ndugu yao waliyepotezana naye, nami nikafurahi kweli kweli. Ndipo akatufikia mwanamke aliyejitanda kanga, uso mtulivu, akasema yeye ni Staha. "Mwanangu," akaniambia, "hawa wanajua kuingia, hawajui kukaribishwa. Njoo nikuoneshe kwako."

Akanipeleka kwenye kijumba cha majani, mvua inanyesha, paa linavuja. Ndani alilala binti yangu Rukia, anatetemeka kwa homa, wala hapakuwa na blanketi. Nikamfunika kwa mwili wangu mwenyewe, maji yakaniangukia mgongoni, naye akaanza kutulia. Mara nikasikia nje sauti ya mama yangu, mama niliyemzika kwa mikono yangu: "Mbelwa, mwanangu, njoo unipokee mzigo." Nikatoka mbio. Mama hakuwapo. Alikuwapo Pupa ameinua simu juu, sauti inatoka humo, na Haki-Yangu ananipiga picha. "Huyo, ametoka," wakaambiana, "mzuri kuliko tulivyodhani." Nikarudi ndani, mtoto ameloa. Nikamfunika tena, na sauti ikaita tena. Nilijua ni hila, lakini mama akikuita miguu haikuulizi, nikajikuta nimetoka. Niliporudi safari ile Rukia alikuwa ameacha kutetemeka. Alikuwa kimya, na mkono wake baridi.

Nikamlilia Staha. "Huku hakuna mlinzi? Hakuna sheria inayowazuia watu hawa?"

"Mlinzi yupo, na sheria ipo," akasema. "Wao wamepita kwa nyuma." Kisha akakaa karibu nami, akaongea polepole. "Wewe unapenda ndege, na mapenzi hayo ni mazuri, usiyaache. Ila kila unachokwenda kukitazama kina nyumba yake na mgonjwa wake ndani. Kile kiingilio kinamweka mtu mlangoni akulindie unachokipenda, hata siku ambazo wewe umelala kwako. Umefanyiwa hisani, nawe umeichukia."

Nikaamka nalia. Rukia alikuwa ananitikisa bega, chai aliyoniletea imepoa, anauliza nimeota nini. Nikamshika mkono, ukawa wa moto kama wa mtoto yeyote aliyetoka kucheza, na shukrani ikanijaa kifuani. Nikampigia Kiondo nikamwambia njia ya nyuma simo, na yeye asiende. Akanicheka sana, akasema nimerogwa na Bi Hadija, lakini asubuhi tulikuwa naye getini.

"Umekuja kulipa, baba?" Bi Hadija akaniuliza.

"Nitalipa. Kwanza nimekuja kushukuru."

"Kwa lipi? Mimi jana nilikufukuza."

"Kwa hilo hilo."

Akanitazama kama mtu anayepima iwapo anataniwa, kisha akachukua fimbo yake akatutangulia. Tulikaa mbali na chemchemi, simu zimezimwa, Kiondo anapiga miayo, hadi jua likawa kali. Kutoka ndani ya majani tulisikia vilio vyembamba vya makinda, kisha wakanyamaza kama walioshiba. Yule ndege mwekundu hakutoka hata mara moja, nami sijawahi kumshukuru Mungu namna ile kwa kitu nisichokiona.