Kiti Kitupu cha Jennifer

Mke wangu Jennifer alipofariki, jina langu lilitoka kwenye orodha ya chakula cha ukame. Chifu alisema si yeye, ni kompyuta: huunganisha orodha ya waume na orodha ya wake, na mimi sikuwa tena na wa kuunganishwa naye. Serikali yetu ina huruma. Ukifiwa, inakupunguzia hata mzigo wa kubeba unga.

Sasa binti yangu Lorna akaitwa kwenye mtihani wa kazi kwenye ofisi hiyo hiyo ya orodha. Alhamisi wangemuuliza namna ya kuunganisha orodha mbili kwenye kompyuta. Kituo cha kufundisha vijana tunacho hapa Isiolo, kilizinduliwa kwa hema na soda, ila mtandao haujafika. Mkubwa wa pale alimwambia video zimejaa mtandaoni, atafute.

Tukaenda kwa Abdinajib, anayeuza sinema za Kihindi alizotafsiri kwa sauti yake, maana yeye ana mtandao. Video ya kwanza ilikuwa matangazo matupu. Ya pili, mwalimu alijisifu mpaka tukachoka. Ya tatu alikuwa Mhindi, Kiingereza chake mbio. Lorna aliyasikia maneno yote, jambo lenyewe hakulishika.

Lakini Abdinajib hawezi kuona Mhindi kwenye kioo akanyamaza. Akachukua maikrofoni.

"Watu wangu, boma la waume ni hili, la wake ni lile. Askari wa mlango anasema, asiye na mwenzake abaki nje."

"Huyo askari namjua," nikasema. "Ni chifu."

"Tulia mzee, sinema haijaisha. Kuna mlango wa kushoto. Hapo waume wote wanapita. Asiye na mke anawekewa kiti kitupu kando yake, lakini anapita."

Lorna alirudisha video pale tena na tena, akaanza kuandika. Mimi nilikuwa nakitazama kile kiti.

Alhamisi wakamwambia aunganishe orodha ya wafugaji na ya mifugo, waonekane wafugaji wote, hata waliofiwa na mifugo yote. Akatumia mlango wa kushoto. Wakubwa wakanong'onezana, wakampa kazi.

Siku aliyoanza, jioni nikamuuliza kama nimerudi kwenye orodha.

"Umerudi, Baba. Mmerudi wengi. Wakubwa wanasema orodha imekuwa ndefu, niwatoe wenye viti vitupu."

"Na wewe?"

"Nimewaambia kutoa sijafundishwa. Wangoje nitafute video."

Na mtandao wa ofisi, wakubwa wetu wapewe sifa, nao haujafika.