Ng'ambo ya Barabara, Kupitia Nairobi

...na bado hajamtaja, sijui mtangazaji huyu leo ameamkia upande gani wa kitanda, ametaja Webuye, ametaja Taveta, ametaja hata mzee mmoja wa Garissa anayewasalimu ngamia wake kwa majina, lakini Malkia wa Majani Mabichi hapana, na Malkia mwenyewe amesimama hapa Chepilat mlangoni pa hoteli ya shangazi yake, mwiko mkononi, leso kiunoni, akilinda maziwa yasije yakamwagikia jiko, sikio moja liko kwenye sufuria na jingine liko kwa redio, maana kadi ya salamu aliituma Nairobi tangu ile mvua kubwa na leo lazima, lazima, wiki iliyopita wamesoma za Bureti nzima wakamruka yeye, Chepkurui, kama mtu anayeruka dimbwi. Jina la Malkia alijipa mwenyewe, nani mwingine angempa, chai yenyewe hajaichuma tangu amalize shule ila anapokwenda kumsaidia mama yake kule Mogogosiek, na hata huko analalamika mgongo kabla majani hayajafunika chini ya kikapu, lakini redioni linapendeza, mtangazaji akifika hapo sauti yake hunenepa, Maalkia wa Majani Mabichi, na yeye hapa hujikuta amenyoosha shingo, kwani nani mwingine katika soko hili anajulikana Voi? Anajulikana Voi, anajulikana Busia na Lamu, yule anayejiita Kijana Mtanashati wa Voi humsalimu kila Alhamisi, "Malkia wangu wa nyanda za juu," wangu, hebu msikie, wangu, na hajauona hata ukucha wake.

Mwezi wa saba alipolala na malaria, anatetemeka chini ya blanketi mbili na koti la Shangazi juu, Mtanashati akamtumia salamu za kumtakia furaha tele popote alipo, popote alipo! alikuwa ameinamia ndoo, hapo ndipo alipokuwa, na Shangazi Rebeccah kwa wema wake akaongeza redio ili mgonjwa asikie apate nguvu, na kweli alisikia, mpaka Kitui walimsalimu siku hiyo, Malkia alipendwa na nchi nzima na hakukuwa na mtu wa kumshikia ndoo... ila zile ndizi. Shangazi alirudi kutoka kinu cha posho, kile kimoja kinachowasagia watu wa pande zote mbili, akaweka mezani ndizi mbivu zimefungwa kwa kipande cha kitambaa cha maua, akasema, "Umetumiwa na yule fundi wenu wa ng'ambo," akafuta mikono kwenye leso kama aliyebeba kitu cha moto, na Chepkurui ambaye tumbo lake lilikuwa limekataa hata maji akazila zote, akalala, akaamka akatafuta kama imebaki moja. Fundi alijuaje kwamba anaumwa? Mtangazaji hakusema. Alijua kwa sababu mlango huu haukuwa na mtu wa kuufagia siku zile, si ndiyo, na mwenye kuuona mlango huu kila siku ni mmoja.

Yule pale. Ng'ambo ya lami, chini ya mabati ya bluu, Bitutu, futi ya kupimia imening'inia shingoni, mguu kwenye cherehani, redio yake iko pembeni juu ya stuli na imefunguliwa stesheni hiyo hiyo, hivi kwamba mtangazaji wa Nairobi anaongea pande zote mbili za barabara kwa pumzi moja, yeye ndiye anayevuka, yeye na mbuzi na kuku na malori ya chai. Upande huu Sotik, upande ule Nyamira, katikati lami basi, ukitupa andazi kutoka hapa linafika likiwa bado moto. Zamani haikuwa kitu, walikuwa wakivuka hata bila kuangalia, Bitutu anakuja huku anakunywa mursik, maziwa lala ya kibuyuni, mpaka anaota masharubu meupe, Chepkurui anakwenda kule anajazwa matoke, walikaa dawati moja, walinyeshewa chini ya mwavuli mmoja, na rinda lake la kwanza la maana, la Krismasi ya tisini na moja, Bitutu ndiye aliyelishona wakati bado anajifunza, mkono mmoja ukatoka mrefu kuliko mwingine na akalivaa hivyo hivyo mpaka kanisani kwa kiburi. Halafu ukaja mwaka wa tisini na mbili, pande hizi mbili zikapigana. Mishale, moshi, watu wamekimbia na magodoro, ng'ombe wa babu wakaenda na hawakurudi, nyumba ya kina Bitutu ikabaki kuta, na ilipoisha hakuna aliyesimama sokoni akatangaza kwamba sasa msivuke, hapana, hilo ndilo linalomshangaza akiliwaza, hakuna aliyekataza, watu walizoea tu, kila upande ukapata hoteli yake na kinyozi wake, ukawa unanunua chumvi upande wako tu, na kama imeisha, unangoja, na siku zikapita hivyo zikawa miaka.

Salamu alianza Bitutu. Chepkurui alikuwa hapa hapa akipangusa meza, redio inabwabwaja, mara akasikia, salamu zimwendee Chepkurui wa Chepilat, ng'ambo ya barabara, umwambie namwona akifagia, na mtangazaji akacheka hewani, akauliza, ng'ambo ya barabara? sasa si mvuke jamani? na nchi nzima ikacheka naye, lakini Chepkurui alikaa chini kwenye benchi akalia akiwa na kitambaa cha meza usoni, na kesho yake akanunua kadi. Basi wakawa wanasalimiana hivyo, kadi inapanda gari la posta mpaka Nairobi, inakaa huko wiki mbili tatu, inarudi kwa mawimbi, inavuka hatua chache, na katika kumjibu Bitutu ndipo alipoanza kuongeza wengine, kadi ina nafasi nyingi, akaongeza Voi, akaongeza Busia, wakaongezeka, akajipa jina, na polepole salamu za Bitutu zikawa katikati ya salamu nyingine, unazisikia kama unavyosikia tangazo la sabuni...

"...na sasa tunarudi tena Chepilat, hawa watu wa Chepilat!" Mtangazaji anacheka, ameacha ngamia, Chepkurui anainua mwiko. "Kadi hii inatoka kwake Bitutu Fundi. Anasema ataolewa na Mosoti Jumamosi ya kwanza ya Disemba, hongera Bitutu, na anamwambia Malkia wa Majani Mabichi kwamba wasimamizi wote wameshonewa nguo isipokuwa yeye. Kitambaa kipo, anasema, aje apimwe. Malkia, umesikia? Uende upimwe!" Na muziki unaanza, na mwiko uko hewani, na unadondosha maziwa kwenye kiatu.

"Si huyo ni wewe?" Bethwel, mwenye punda wa kubeba maji, ameshusha kikombe. "Wewe Chepkurui, si umetajwa? Unaitwa harusi?"

"Harusi gani?" Sauti ya Shangazi inatoka jikoni, na kisu kimeacha kukata sukuma.

"Ya huko. Ya huyo fundi."

"Huko wapi?"

"Si huko, mama! Kwani kuna huko ngapi?"

Kisu kinaanza tena, upesi kuliko mwanzo, na Shangazi anaongea nacho zaidi kuliko na watu, "...ng'ombe ya baba yangu ilienda na haikurudi... wakupime na nini... na ukienda huko watu wa hapa watasema nini, niambie, watasema..." na Chepkurui anasikia nusu, nusu nyingine anaijua kwa moyo, angeweza kumjibu kwamba mabati ya kina Bitutu nayo hayakurudi, lakini si hilo, Shangazi ana uchungu wake na aachwe nao, hata ndizi alizileta yeye, hakuzitupa njiani, si hilo linaloushika mguu huu. Linaloushika ni nini? Barabara ni tupu. Lori limepita sasa hivi, hakuna jingine.

Atatuma kadi, ndiyo, kadi nzuri, zile zenye waridi, ataandika, mimi Malkia wa Majani Mabichi, nikiwa katika milima ya kijani isiyo na doa, natuma pongezi zisizo na kifani kwa maharusi watukufu, na mtangazaji atanenepesha sauti, na Voi itasikia, Lamu itasikia, watu watasema huyu Malkia anajua kupenda... itasomwa lini? Kwa mwendo wao itasomwa karibu na Krismasi, bibi harusi ameshahamia kwa Mosoti, cherehani imebebwa, chini ya mabati yale ya bluu amekaa mtu mwingine anauza mafuta ya taa. Na atapimwaje kwa kadi? Hapo ndipo anapokwama, hapo kabisa, kwa jambo dogo la kijinga, kwamba kifua kinapimwa kwa futi na futi inahitaji mtu awepo. Vipimo vya tisini na moja Bitutu atakuwa navyo kichwani bado, yule hasahau, lakini vile ni vya msichana mwembamba mwenye shingo ndefu, na yeye sasa, lo, miaka minne ya kuonja mandazi kabla ya kuuza, kiuno kimeenda, mikono imejaa, na lile jino la mbele lilivunjika kwa muwa, siku hizi akicheka hufunika mdomo, nani anajua hayo? Voi haijui. Mtanashati anapenda malkia ambaye hana kiuno chochote, ana jina tu. Redioni hana jino bovu, hana jasho la jiko, hana la kusema zaidi ya ujumbe uliopangwa, na muziki huja haraka kabla ya aibu, na hicho ndicho anachokiogopa, mungu wangu, si mishale wala Shangazi, anaogopa kusimama mbele ya mtu anayemjua bila muziki, anyanyue mikono, azungukwe na futi kifuani, aseme, habari ya siku nyingi, na asipate la pili la kusema.

Na Bitutu je, haogopi? Bitutu aliyepoteza nyumba ameita, tena mbele ya nchi nzima, na wa kwao nao watakuwa na midomo, kina mama wa upande ule nao wana visu na sukuma, na bado ameita, amenunua kitambaa, ameketi nacho, na sasa hivi, ndiyo, sikiliza, cherehani imenyamaza. Imenyamaza tangu kadi isomwe. Bitutu hainui kichwa, amejifanya anatunga uzi, mtu gani anatunga uzi kwa muda wote huo, na redio yake ameizima, kwa hiyo sasa mtangazaji anasikika upande huu peke yake, yuko Kitale anawasalimu wauza mahindi, na Chepkurui anahisi furaha inampanda kutoka tumboni, kubwa, ya kijinga, karibu acheke, kwa sababu ameona, jamani, ameona! mia nzima ya marafiki wa mawimbi wangekufa kesho asingejua hata matanga yao yako wapi, na mtu mmoja anakosakosa tundu la sindano ng'ambo ya lami kwa ajili yake, kwa ajili yake hasa, si Malkia, huyu mwenye mandazi, na kama hatakuwa na la kusema basi watakaa kimya, kwani kimya chao cha zamani kilikuwa na ubaya gani, walikuwa wakikaa chini ya mwavuli mmoja saa nzima bila neno na ilikuwa raha, watu wa hapa watasema, waseme, wana kazi gani nyingine, na atakayetaka kujua harusi ya huko ilikuwaje atamuuliza yeye, yeye Chepkurui atakayekuwa ameiona, mstari wa mbele, na rinda jipya.

Anaizima redio katikati ya Kitale. Bethwel anageuka. Maziwa hayajapanda bado, yanatoa mvuke kidogo tu, kisu cha Shangazi kinakata, barabara iko pale pale, na Chepkurui hajasogeza mguu, ila anautoa mkono uliokuwa umefunika mdomo, na yale yote ya milima isiyo na doa yanamtoka kichwani yasirudi, na kinachobaki ni ukweli mmoja ambao fundi anapaswa kuujua, anaupaza kwa sauti ambayo hata kinu cha posho hakiwezi kuifunika.

"Bitutu! Nimenenepa!"

Upande ule uzi unaanguka. Kichwa kinainuka, na meno yote yako nje.

"Kwani mimi sina macho? Nakuona kila siku, wewe! Kitambaa nilinunua ya kukutosha!"