Watatu wa Ghorofa ya Juu

Asubuhi ya mtihani Normand Levasseur alinyoa ndevu mara mbili, akajikata chini ya kidevu, akacheka peke yake mbele ya kioo. Alikuwa na miaka hamsini na sita, na hajawahi kukaa kwenye mtihani tangu alipoacha shule kwenda kiwandani. Hata hivyo moyo wake ulikuwa mwepesi kama wa mtoto anayengoja sikukuu.

Nje, barafu ya mtoni ilikuwa inapasuka kwa kishindo, matope ya Aprili yametapakaa mji mzima wa Kinney Falls, na Armand Bolduc alikuwa ameshasimamisha pikapu yake mlangoni, anapiga honi.

"Hiyo sare imekukaa kama nguo ya kulalia," Armand akamwambia alipopanda.

"Na yako imekukaa kama pazia la bafuni. Endesha, bwana."

Walikuwa wamefanya kazi pamoja tangu ujana, mashine moja, zamu moja, mpaka kiwanda cha karatasi kilipofungwa. Vijana waliondoka, wengine Portland, wengine Massachusetts. Waliobaki wengi walikuwa watu wazima, na watu wazima nao wakawa wazee, na mzee anahitaji mtu wa kumwogesha, wa kumvisha, wa kumshika mkono akienda chooni. Maine nzima ilikuwa hivyo. Redio ilikuwa haichoki kusema kwamba kazi za afya ndizo zinazoongezeka kuliko kazi nyingine zote jimboni. Hospitali ya pale mjini sasa iliajiri watu wengi kuliko kiwanda katika miaka yake ya mwisho. Nafasi zilikuwa tele. Watu ndio hawakuwapo.

Na kwa kukosekana watu, Maple Bend, nyumba ya wazee iliyo kando ya mto, ilikuwa karibu kufunga ghorofa yake ya juu. Sheria haikuruhusu wazee wakae bila wahudumu wa kutosha. Meneja alikuwa amewaita jamaa zao akawaeleza bila kuzungusha maneno: wakipatikana wahudumu watatu wenye cheti kabla ya Aprili kwisha, ghorofa inabaki. Wasipopatikana, wazee watapelekwa popote penye kitanda, hata kama ni mwendo wa saa tatu kwa gari.

Mama yake Normand, Bi Fernande, alilala ghorofa ya juu, chumba kinachotazama mto. Normand alimtembelea kila baada ya chakula cha jioni. Akipelekwa saa tatu mbali, angekuwa mtu wa kutembelewa Krismasi na Pasaka.

Ndiyo maana binti yake Normand, Corinne, aliyekuwa nesi palepale Maple Bend, alipofungua darasa la wahudumu kwenye chumba cha chakula cha wafanyakazi, baba yake alikuwa wa kwanza kuketi. Alimburuta na Armand. Darasa lilianza na watu saba. Wengine waliacha walipofika kwenye somo la vyoo. Walibaki watatu: Normand, Armand, na Priscille Gagne, mama mmoja mcheshi aliyekuwa akikata na kufunga karatasi kulekule kiwandani. Watatu kamili. Hakukuwa na wa akiba.

Corinne aliwangoja mlangoni, nywele kazibana, macho yanang'aa.

"Baba, umekula?"

"Nimekula."

"Umekunywa kahawa ngapi?"

"Hilo halimo kwenye mtihani."

Corinne akacheka, kisha akamshika baba yake mabega yote mawili. "Nisikilize. Mikono yako mizuri, hujui tu ilivyo mizuri. Tatizo lako ni moja. Sema. Mgonjwa akusikie kabla hujamgusa. Sema unachofanya, muulize anavyojisikia. Usipozungumza naye wanakuangusha, hata ungemvisha kama mfalme."

"Najua, mwanangu."

"Unajua, lakini husemi."

Alikuwa na haki ya kumsumbua. Kwenye mashine ya karatasi hakuna anayemsikia mwenzake. Ngurumo zake zinameza kila neno. Watu wa kiwandani walijifunza kuzungumza kwa mikono. Kiganja kikizungushwa: geuza. Vidole viwili juu: inua. Ngumi kifuani: ngoja. Kidole gumba kikisuguliwa shavuni: mambo shwari. Kwa lugha hiyo Normand na Armand walikuwa wamesimuliana harusi, mechi za mpira wa magongo kwenye barafu na uvumi wote wa mji, bila kufungua midomo. Mikono ikishika kazi, mdomo unafunga wenyewe. Ndivyo walivyolelewa.

Mtahini alikuwa Bi Hathaway, ametumwa na serikali ya jimbo, mwanamke mrefu mwenye miwani na sauti ya upole isiyotabasamu. Mwalimu hakuruhusiwa kuingia, kwa hiyo Corinne alibaki nje, akichungulia kwenye kioo kidogo cha mlango. Ndani kulikuwa na kitanda, beseni, taulo, na kabati la nguo. Wanafunzi wenyewe ndio walikuwa wagonjwa wa wenzao.

Priscille alitangulia. Alizungumza na mgonjwa wake tangu kunawa mikono mpaka kumfunika shuka, akamweleza hata habari za paka wake. Bi Hathaway akasema, "Umefaulu, Bi Gagne. Paka hakuwa lazima."

Akafuata Armand, Normand akilala kitandani. Armand aligonga beseni mpaka maji yakapiga mawimbi, lakini alikumbuka kila kitu, na alisema kila kitu, kwa sababu Armand hajawahi kuishiwa maneno ila mashine ikiwa inanguruma. Akafaulu. Akamfinya Normand mguu kwa furaha kabla hajashuka kitandani.

"Zamu yako, mzee. Usituangushe."

Akabaki mmoja. Mtihani mwingine ungekuja Juni, na Juni ghorofa ya juu ingekuwa vyumba vitupu.

Bi Hathaway akasoma kazi aliyopangiwa. "Mgonjwa wako amepooza mkono wa kulia. Mvalishe shati safi. Anza ukiwa tayari."

Armand akajilaza, akalegeza mkono wa kulia, akalegeza na mdomo.

"Mdomo haujapooza, Bwana Bolduc," Bi Hathaway akasema.

"Nilitaka kumsaidia."

"Usimsaidie."

Normand akanawa mikono, barabara, hadi viwiko. Akavuta pazia. Akafunga breki za kitanda, akaziangalia tena. Mwili wake wote ulikuwa umechangamka, kama zamani walipowasha mashine baada ya matengenezo na karatasi ikaanza kupita bila kukatika. Akachukua shati. Mkono uliopooza kwanza, hilo alilikumbuka. Akauinua mkono wa Armand taratibu, akaupitisha kwenye shati, akaunyoosha mkunjo mmoja mmoja. Vizuri. Akazungusha kiganja: geuka kidogo. Armand akageuka. Akainua vidole viwili: inuka. Armand akainuka. Kazi ilikuwa inateleza kama siagi kwenye kikaango, na Normand akawaza, kumbe ni hivi tu.

Akasugua kidole gumba shavuni. Uko shwari?

Na Armand, kwa mazoea ya maisha yake yote, akauinua mkono wake wa kulia, ule uliopooza, akasugua shavu lake. Shwari.

Armand akautazama mkono wake kama mali ya mtu mwingine, kisha akauangusha kitandani.

"Mgonjwa wako amepona, Bwana Levasseur," Bi Hathaway akasema. "Bado unaendelea na kazi?"

Hapo ndipo Normand alipogundua. Tangu aanze kazi, hajasema hata neno moja. Alitupa jicho mlangoni. Nyuma ya kile kioo kidogo Corinne alikuwa amefumba macho.

Akamwona mama yake kwenye gari, blanketi magotini, akipelekwa mahali ambapo hakuna anayejua kwamba chai yake huwekwa maziwa kwanza. Kisha akakumbuka sheria moja ya Corinne: kabla hujasema umemaliza, unaweza kuomba kurekebisha.

"NAOMBA NIRUDIE," akasema.

Ilikuwa sauti ya kiwandani, sauti ya kuita mtu aliye upande wa pili wa mashine. Bi Hathaway aliruka kwenye kiti. Kule juu ghorofani mtu alidondosha kijiko.

"Rudia," mtahini akasema, akishika miwani yake. "Lakini mimi sijapoteza masikio."

Normand akamvua Armand lile shati. Akanawa mikono upya. Akasogea hadi ubavuni mwa kitanda, akainama ili mgonjwa amwone uso, kama alivyofundishwa. Na akaona haya, maana alikuwa anamtazama mtu aliyemjua kuliko ndugu wa tumbo moja, na katika miaka yote ile hakuwahi kumwambia jambo lolote kwa sauti ya chini.

"Bwana Bolduc," akaanza. "Mimi naitwa Normand. Nimekuja kukuvalisha shati. Unaniruhusu?"

Armand alikuwa na mzaha tayari. Ulionekana ukimcheza midomoni. Akaumeza.

"Nakuruhusu," akasema.

"Nitaanza na mkono wa kulia, ule unaokusumbua. Nitaushika hivi, chini ya kiwiko. Nikikuumiza, niambie. Usinifiche."

"Sitakuficha."

"Sasa nageukia upande wa pili. Huu unaweza kunisaidia kidogo. Haya, taratibu. Hatuna haraka. Unahisi baridi?"

"Kidogo."

"Nitakufunga vifungo vyote, basi."

Alizungumza mpaka kifungo cha mwisho. Akateremsha kitanda, akaweka kengele ya kuitia karibu na mkono mzima, akamwambia iko wapi. Mkono wa kulia wa Armand ulilala pale kama gogo; hata pumzi aliivuta kwa hadhari.

"Nimemaliza," Normand akasema.

Bi Hathaway aliandika kwa muda. Kisha akavua miwani. "Baba yangu naye alikuwa mtu wa kelele za mashine," akasema. "Kiwanda cha mbao. Umefaulu, Bwana Levasseur."

Mlango ulifunguliwa kabla hajamaliza jina. Corinne aliingia mbio, akamkumbatia baba yake, akamkumbatia Armand na shati lake jipya, karibu amkumbatie na mtahini. Priscille alikuwa tayari ukumbini akipeleka habari, na habari ilipanda ngazi upesi kuliko mtu yeyote. Ghorofani kengele za kuitia zikaanza kulia chumba hiki na chumba kile. Hakuna aliyehitaji kitu. Wazee walikuwa wanashangilia kwa walichokuwa nacho.

Normand alimkuta mama yake ameketi kitandani, kavaa koti la safari, maboksi matatu yamepangwa miguuni.

"Kwa hiyo siendi," Bi Fernande akasema.

"Huendi, mama. Tumepita wote watatu. Jumatatu naanza kazi, humuhumu."

Mama akamkazia macho, akianzia kwenye sare mpaka viatu.

"Na wewe ndiye utakuwa unaniogesha?"

"Nikipangiwa, ndiyo."

"Hata siku moja. Nilikuogesha mimi, inatosha. Mwambie Priscille aje. Wewe chukua wanaume."

"Sawa, mama."

"Na usiniitikie tu sawa, mwambie leo." Akafungua vifungo vya koti, akamkabidhi. "Lining'inize. Halafu uanze na hilo boksi la juu, lina picha. Baba yako umweke pale dirishani, auone mto. Si hapo, mwanangu. Kushoto. Kushoto zaidi. Haya, basi. Sasa viatu vyangu."