Mujianike, jua iko bure

Hii habari ni Virginie aliniambia, mwaka wa 1988, mu mwezi wa pili, tukiwa tunakoboa mahindi kwa barza yake kule Kadutu. Ilikuwa siku ya match kati ya Nguzo na Upanga. Niliona ameanika shati moja ya mwanaume kwa kamba, mbele kabisa, pahali kila mupita njia anaiona, na ninajua mu nyumba yake hamuna tena mwanaume. Nikamuuliza: "Maman, hii shati ni ya nani?" Alikoboa kwanza mahindi mbili, tatu, akasema: "Ni ya marehemu kaka yangu." Mimi sina haraka. Nikamusikiliza mpaka mwisho.

Nguzo ni timu yetu ya mupira, ya mutaa wa Kadutu. Upanga ni ya Nyawera, kule kwa soko. Na kila mutu anajua wimbo ile watu wa Upanga wanatuimbia, wakipeperusha vitambaa juu kama nguo kwa kamba: "Nguzo, mujianike! Jua iko bure!" Watoto wanaiimba bila kujua ilitoka wapi. Ilitoka mu kinywa ya Lucien, kaka ya Virginie, wa tumbo moja.

Lucien alikuwa mushonaji kule Nyawera, mutu wa kuchekesha. Akipita hata kwa kilio, watu wanafunga midomo wasicheke. Virginie aliolewa Kadutu na Anaclet, gardien wa Nguzo, mwenye analinda goli. Basi kaka ni Upanga, bwana ni Nguzo. Walikuwa wanatukanana kwa meza na wanakula sahani moja.

Wakati ile Nguzo ilikuwa na maillot, ni kusema jezi, kumi na moja tu, za manjano. Na watu waliogopa dawa. Walisema mutu mwingine akigusa maillot, miguu ya muchezaji inakufa. Kwa hiyo maillot zililala kwa Anaclet, na mukono ya Virginie peke yake ndiyo ilizifua. Hata mama mukwe wake hakuruhusiwa kuzikamua.

Mwaka wa 1974, match ilipangwa siku ya sikukuu ya uhuru, yenye iliangukia siku ya Mungu. Siku ya tano magaribi, match ikibakia siku mbili, Virginie akaloweka maillot mu beseni. Usiku ile mutoto wao Nsimire, miaka ine, akashikwa na homa. Virginie akamubeba kwa mugongo mpaka hospitali, na kesho yake yote hakutoka pale. Siku ya Mungu, mapambazuko, Nsimire akakata roho.

Walimurudisha nyumbani, wakamulaza kwa mukeka. Kuzika ilipaswa kungojea babu na nyanya watoke Kalehe. Na maillot zilikuwa zingali mu beseni. Kwetu, mu nyumba ya kilio hatufui nguo mpaka matanga iishe. Na mukono ya mutu mwingine ilikatazwa.

Saa sita, mukubwa mumoja wa kartie, ndiyo mutaa wetu, akafika. Hakuketi hata.

"Citoyen Anaclet, pole sana. Lakini sikukuu ni sikukuu. Wakubwa watakuwa pale. Timu isipotokea, ni jina yako nitaandika."

Gardien mwingine hakukuwa. Anaclet akatoa maillot mu maji, akazitia mu mufuko, zinatona.

"Uwaambie," Virginie alisema.

"Nikiwaambia zimetoka mu nyumba ya maiti, nani atavaa?"

Akaenda. Hakuambia mutu hata mumoja. Wenzake walipomuuliza, alijibu: "Ni mvua." Mvua gani? Tulikuwa mu kiangazi, wiki tatu bila tone.

Nguzo wakaingia mu kiwanja, maillot zimeshikamana na mbavu, maji inashuka mpaka mu viatu. Stade ikapasuka na kicheko.

Lucien alikuwa mbele na ngoma yake. Mutu mwenye alitumwa kumuambia kifo alikuta mulango yake imefungwa. Basi yeye akachomoa kitambaa mu mufuko, akamushikisha rafiki yake Gérard ncha moja ya kamba ya ngoma, akaning'iniza kitambaa katikati, akaanza: "Nguzo, mujianike! Jua iko bure!" Alisema mara tatu tu. Mara ya ine ilikuwa stade muzima.

Upanga walishinda tatu kwa zero. Wanasema Anaclet hakuruka hata mara moja. Alisimama tu kati ya miti mbili, anaangalia upande wa nyumbani.

Filimbi ilipolia, Lucien akakimbia mu kiwanja, anacheka.

"Shemeji! Kumbe dada yangu amekosa hata kamba ya kuanikia? Kesho nitamuletea!"

Anaclet akamushika mukono. "Lucien. Nsimire amekufa asubuhi. Twende nyumbani."

Wakapanda wawili kwenda nyumbani. Nyuma yao watu wa Upanga wakapanda pia, na wimbo. Ikafika mpaka mbele ya mulango pahali wamama walikuwa wanalia. Lucien akatoka mbio, mikono juu.

"Munyamaze! Kuna maiti humu! Munyamaze, ninawaomba!"

Machozi ilikuwa inashuka kwa mashavu. Watu wakamuangalia, wakafa na kicheko. "Lucien huyu! Angalieni vile analia!" Walifikiri ni muchezo yake. Wakamubeba kwa mabega, wakashuka naye mpaka avenue ya chini. Yeye analia, wao wanaimba.

Tangu ile siku hakukanyaga tena stade, na ngoma aliigawa. Alitaka kurudisha neno yake. Alizunguka Nyawera nyumba kwa nyumba, anaeleza. Wakubwa waliona haya, walinyamaza match moja, mbili. Lakini watoto walikuwa wamekwisha kuishika, na mutoto akishika wimbo utamunyanganya namna gani?

Kila siku ya match alikuja kukaa kwa dada yake, kwa kiti ile ile, mikono kati ya magoti. Virginie hakumufukuza. Alimupatia chai. Lakini hakumuambia hata siku moja kwamba imeisha, na siku ya match hakuanika inje hata kitambaa.

"Haikuwa kasirani," aliniambia. "Nilikuwa natafuta neno ya kumupa. Sikuipata."

Miaka kumi ilipita hivyo. Anaclet akatangulia, ni kifua ilimuua. Kisha Lucien naye akaanza kuvimba miguu na tumbo. Muke hakuwa naye. Virginie akamuchukua kwake, akamulaza mu chumba ya mbele.

Match ikafika. Virginie alikuwa amemuvua shati yenye jasho na kuifua. Magaribi, wimbo ikaanza kupanda toka mbali. Lucien akageukia ukuta.

"Dada, funga dirisha."

Virginie hakufunga. Alikamata ile shati, akatoka nayo. Watu walikuwa wanapita, vitambaa juu. Yeye akaikunguta, akaianika mbele yao polepole, mukono moja, kisha mukono ingine, akainyoosha kola. Akarudi ndani.

"Ulienda wapi?"

"Kuanika shati yako."

Lucien akageuka, akamuangalia. "Leo?"

"Leo. Jua iko bure, kaka yangu."

Virginie alisema kidevu ya kaka yake ilitetemeka kama ya mutoto mwenye anakataa kulia. Alitafuta mukono ya dada yake juu ya blanketi, akaishika mpaka wimbo ikapotea kule juu. Kisha akalala, kinywa wazi.

Virginie akakaa chini kwa mukeka, kichwa kwa ukingo wa kitanda. Alijiambia ni kidogo tu, atainuka kuondoa shati mbele umande uanguke. Usingizi ikamubeba yeye pia, na shati ingali kwa kamba.