Vyombo vya Msiba wa Wendell

...na kama kidude hiki kingekuwa mgonjwa tungekuwa tumeshakizika, aliwaza Verna Stiltner, maana tangu wakae kwenye meza hii ndefu hawajasikia hoja wala taarifa, wamesikia sauti moja tu, ya bwana wa Idara ya Afya aliyeko ofisini kwake, mtaa wa pili kutoka hapa, mtaa wa pili tu, angeamua kutembea angekuwa ameshafika na koti ameshavua, lakini yeye yuko ndani ya kile kidude cheusi cha simu katikati ya meza, anauliza, "Mnanisikia?" na watu wazima wote wa Kamati ya Jimbo ya Kuratibu Janga la Afyuni wanakiinamia na kukijibu kwa pamoja, "Tunakusikia!" kidude kinakwaruza, kinakata, kinarudi, "Hapo je? Mnanisikia?" na mwenyekiti, Bwana Yoakum, anapangusa miwani yake kwa ncha ya tai na kusema tuwe na subira, jamani, tuwe na subira, kana kwamba kuna kitu kingine ambacho watu wa milimani wamewahi kupewa na mji mkuu zaidi ya hiyo subira, na Verna anatazama saa ya ukutani kwa sababu mchana kengele ya bunge ikilia, Seneta Maddox atainuka na kwenda zake, akidi itavunjika, kikao kitaahirishwa mpaka mwezi ujao, na zamu yake yeye ya kusema inakuja baada ya kidude, siyo kabla, ndivyo ratiba ilivyo... na aliyokuja kuyasema ameyasema njia nzima ndani ya gari, kona baada ya kona kutoka Kaunti ya Tolliver ambako yeye ndiye ofisa wa afya, akiyasema kwa sauti mpaka dereva wa lori la magogo akamshangaa pale kwenye taa, kwamba waheshimiwa, nawaomba, dawa ya kaunti yetu msiichukue. "Verna," Sherifu Arlis Dotson anamnong'oneza kutoka kiti cha kulia, mtu mzima mwenye tumbo na sauti ya kwaya, sherifu wa kaunti ya jirani, "ukisinzia nitakupiga kiwiko, ukikoroma nitakukamata." "Nikamate tu," alimjibu, "mahabusu kwako angalau kuna kahawa," na Arlis akacheka puani, na kidude kikasema, "...zote zirudishwe..." kikakata. Zote zirudishwe. Hilo neno alilisikia vizuri, hata kidude kikiugua namna gani hilo neno halikosi kupenya, kwamba dozi zote za naloksoni zilizoko kwenye kaunti, ile dawa ya kupuliza puani inayomrudisha mtu aliyezidisha dawa za kulevya, inayompa pumzi akiwa ameshakuwa wa buluu midomoni, zote zirudishwe kwenye ghala moja la jimbo, hapa mji mkuu, zihesabiwe upya, kisha kila kaunti iombe, ijibiwe, na akisema kweli si wazo la mpumbavu, Verna hawezi kujidanganya, kaunti moja huko kusini waliikuta dawa imeisha muda wake kwenye kabati la mafagio wakati kaunti ya pili watu walikuwa wakifa na muuguzi anapiga simu akilia, Bwana Yoakum alikwenda mwenyewe kuliona hilo kabati, alirudi hawezi kula, siyo mtu mbaya, hakuna mtu mbaya kwenye meza hii, ingekuwa rahisi kama angekuwepo, angemkasirikia mmoja amalize, lakini hasira yenyewe haina pa kukaa, inazungukazunguka mezani kama nzi, inatua kwenye glasi ya huyu, kwenye kalamu ya yule... "Mnanisikia sasa?" "Tunakusikia!" Maombi mpaka yajibiwe, msimu unapita. Na barabara ya Kijito cha Laurel mvua ikinyesha haipitiki, na simu hazishiki bondeni kule, na ghala litafunguliwa na nani Jumamosi, na Kaylin... usimfikirie Kaylin sasa, fikiria hotuba, waheshimiwa nawaomba... lakini Kaylin haondoki, amekaa tu pale kichwani na mabega yake yaliyobaki mifupa, mtoto wa kaka yake, mtoto aliyefundishwa na Verna mwenyewe kufunga kamba za viatu, anasema, "Shangazi, usinitazame hivyo, mimi siyo kipimo chako cha homa," na anacheka, ucheshi wa baba yake ule ule, wa Wendell, ambaye naye alikuwa akifanya utani mpaka mgodini, mpaka siku jiwe lilipomvunja mgongo na daktari akampa vidonge vya maumivu, halafu vidonge vikakatwa na maumivu hayakukatwa, halafu ikaja ile ya unga ambayo hakuna anayejua imechanganywa na nini. Na kisanduku. Mungu wangu, kile kisanduku. Nacho kilikuwa uratibu, kiliratibiwa hapa hapa kabla Verna hajawa mjumbe, kwamba kila kaunti iwekewe kisanduku chekundu cha naloksoni ukutani mahali pa wazi ambapo kila mtu anapajua, na mahali ambapo kila kaunti inapo na kila mtu anapajua ni wapi, ni mahakama, basi wakavitundika ukutani mwa mahakama, jimbo zima, kila kimoja na king'ora kinacholia ukikifungua ili dawa isiibiwe, chini ya kamera, kando ya mlango wa sherifu, na hakuna mtu mezani aliyejiuliza ni nani atakayekwenda kukifungua, maana wote waliokuwa mezani wao wakipita mbele ya mahakama wanapunga mkono. Kaylin hapungi mkono. Kaylin alikuwa na hati ya kukamatwa kwa kukosa siku ya kesi, alikosa kwa sababu hakuwa na usafiri, na siku Wendell alipoanguka kwenye choo cha kituo cha mafuta, mchana kweupe, kituo kinachotazamana na mahakama, Kaylin alivuka barabara mbio mpaka kwenye kisanduku na kukuta gari la naibu sherifu limeegeshwa chini yake, naibu yumo ndani anakula mkate, na akasimama. Nilisimama tu, shangazi, nilisimama kidogo tu, ndivyo anavyosema Kaylin. Halafu akakifungua, king'ora kikalia, naibu akatoka na mkate wake mdomoni, na alipoelewa walikimbia wote wawili, huyo naibu alipiga magoti kwenye kile choo na kupuliza dawa na kubonyeza kifua mpaka akatoka jasho, mwanaume yule alilia, lakini kile kidogo kilikuwa kimeshapita. Kwa hiyo nani. Verna ameuliza nani miezi yote hii na jibu halipati, Kaylin aliyesimama? naibu aliyekuwa na njaa? fundi aliyepigilia misumari pale alipoambiwa? na yeye alipoomba kisanduku kihamishwe, kipelekwe hata kwenye duka la Dixie pale njia panda, aliambiwa, kwa adabu sana, kwamba inahitaji azimio. "Dada," Arlis ananong'ona tena, "unaiumiza hiyo kalamu," na kweli ameikunja mpaka imepinda, anaiweka chini, na Arlis anamtazama pembeni, anasema polepole, bila utani safari hii, "Zimo kwenye gari?" "Nini?" "Usinifanye mgeni, Verna. Dawa za kaunti yako. Umekuja nazo?" na Verna anasema amekuja nazo, waliandika tuje nazo, katoni nzima iko kwenye buti, imekaa juu ya blanketi kando ya vyombo, na Arlis, "Vyombo gani?" "Vya msiba," na Arlis akaitikia kwa kichwa, maana yeye naye ni wa milimani, anajua. Vyombo vya msiba wa Wendell. Bado viko kwenye gari, tangu majira ya kuchipua, aibu iliyoje, mama yake angekuwa hai asingemsemesha, watu wamekuletea chakula umezika umekula umekaa na vyombo vyao! lakini chombo cha mtu hukirudishi kitupu, hilo hata mtoto anajua, unatia chochote, keki, jemu, nyanya za bustanini, na Verna kila alipoingia jikoni aoke alijikuta amesimama mbele ya jiko ameshika kibiriti, hajui amesimama hapo tangu lini, basi akaviosha, akavikausha, akavipanga kwenye buti vikae tayari, na vinagongana kwa kila kona kutoka nyumbani mpaka hapa, kling, kling, hata hotuba yake ameifanyia mazoezi kwa mlio huo. Bakuli la kioo la Imogene Blevins lililokuja na maharage na ngozi ya nguruwe. Sinia refu la Opal Ratliff, kuku na matonge ya unga. Lile la kina Hensley lenye ufa, viazi na jibini. Kila chombo chini yake kipande cha plasta na jina la mwenyewe kwa wino, ingawa hakuna aliyehitaji kusoma, kila mtu anakijua chombo cha kila mtu, na siku ile hakuna aliyempigia mwenzake kuuliza wewe unaleta nini, Wendell hajapoa habari zimeshapanda bonde zima, saa ya chakula meza imejaa, hakuna vyungu viwili vya maharage, hakuna aliyesahauliwa, mpaka mjane wa Hensley asiye na gari chakula chake kilifika, kilibebwa na nani Verna hajui mpaka leo. Hakuna kamati iliyokaa. Hakuna azimio... "Nadhani ni waya," anasema Seneta Maddox, na Bwana Yoakum anaingia chini ya meza kuutafuta waya, mwenyekiti mzima, miguu imebaki nje, soksi moja ya buluu na moja nyeusi, na Verna anakumbuka kwamba mke wa huyu bwana amemwacha, au amefariki, na moyo unamlainika bila kutaka... na wote wale wenye vyombo walikuja baada. Bonde zima linajua kufika, na linafika mtu akishakufa, linafika na maharage ya moto. Imogene alimshika mikono pale jikoni, akasema, "Mwanangu, ningejua," lakini Imogene alijua, mjukuu wake mwenyewe Tobin analala na sindano chumba cha nyuma, na Kaylin siku nyingine hulala huko huko kwenye kochi la Imogene, siku nyingine kwa Opal, kwa binti wa Opal, siku nyingine kwenye trela la kina Hensley nyuma ya banda, hakai mahali pamoja, ndiyo maana Verna hampati, anapiga hodi kwenye trela la Wendell anakuta mlango umefungwa na dawa anarudi nayo, hawezi kuipeleka kwa mtu ambaye yeye Verna hajui amelala wapi... kwa Imogene. Kwa Opal. Kwa kina Hensley. Kling, kling. Anavipitia vyombo tena kimoja kimoja, kama vilivyopangwa kwenye buti, lile la kioo, lile refu, lile lenye ufa, bakuli la bati la Dixie wa dukani, na kila anachokishika anauona mlango wake, na nyuma ya mlango chumba, na chumbani kitanda, na hakuna chombo hata kimoja kinachotoka kwenye nyumba isiyo na mtu wake wa sindano, ndiyo maana walipika vile, kwa haraka vile, bila kuulizana, walikuwa wakimpikia Wendell na wakipika kwa ajili ya wao wenyewe mapema, kwa hofu. Na yeye amekaa hapa na hotuba. Waheshimiwa nawaomba! Anaomba nini? Anaomba asinyang'anywe kitu ambacho saa hii kiko kwenye gari lake mwenyewe, kando ya vyombo ambavyo havifai kurudi vitupu. Imogene asingechukua dawa ofisini, angesema sisi kwetu hatuna mtu wa hivyo, na angekwenda nyumbani na uso wake mkavu, lakini bakuli lake likirudi limefunikwa hatalikataa, hakuna mwanamke bondeni kule anayekataa chombo chake, atalipokea mlangoni kwa mikono miwili, atasema hukuwa na haja, mwanangu, ataliweka kwenye friji, ataondoa foili akiwa peke yake, na hapo dawa iko chini ya keki, hapana, juu ya keki, asihangaike kutafuta, juu kabisa... na watazungumza au hawatazungumza, shauri yake, haitakuwa na king'ora. Hoja ikipita leo, katoni inashushwa hapa hapa mlango wa nyuma, kijana wa ghala amekwishasimama na toroli, alimwona wakati anaegesha. Hoja isipopita, dawa ni ya Kaunti ya Tolliver mpaka kikao kijacho, kihalali, na kaunti kugawa dawa yake ndiyo kazi aliyoajiriwa. Isipopita. Anatazama saa. Asubuhi nzima ameitazama saa hiyo akiisukuma kwa macho isiwahi, Mungu wangu nisikose zamu, na sasa anaitazama ile ile, mishale ile ile, na anaisukuma upande wa pili. Sukari anayo nyumbani. Mayai atapata kwa Dixie. Foili hana, foili atanunua njiani, roli kubwa, ile pana... na Bwana Yoakum anatoka chini ya meza amekuwa mwekundu, ana vumbi magotini, kidude kinatoa mlio mmoja mfupi na sauti ya bwana wa Idara ya Afya inaingia chumbani safi kabisa, safi kama maji, hata kiti chake kinasikika kikilia, "Samahani sana, ndugu wajumbe. Sasa mnanisikia vizuri? Niendelee na hoja?" na wajumbe wamechoka, wanatazamana, kila mmoja anamngoja mwenzake ajibu, na Verna Stiltner anakiinamia kidude, kwa heshima, kama mtu anayemwinamia mgonjwa. "Hapana, bwana," anasema. "Unakatikakatika." Bwana Yoakum anamgeukia. Seneta anamgeukia. Arlis hamgeukii, anatazama dari, anajikuna shingo taratibu, kisha anasogeza tumbo lake kwenye meza na kupaza ile sauti ya kwaya, "Upande huu huku ndiyo hatuambulii kitu kabisa," na mwenyekiti anashusha pumzi, anavua miwani, anarudi chini ya meza, na kidude kinauliza, "Na hapo je? Mnanisikia?"